Banda la maonesho ya biashara

Banda la maonesho ya biashara ni eneo ambalo kampuni au mjasiriamali hukodi ili kuonesha na kuuza bidhaa zake. Katika Sabasaba, maonesho ya kimataifa yanayoandaliwa na Mamlaka ya Maendeleo ya Biashara Tanzania (TanTrade) jijini Dar es Salaam, mabanda hupangwa kwenye viwanja vya Barabara ya Kilwa, na Siku ya Sabasaba yenyewe huwa tarehe 7 Julai.

Maandalizi huanza na lengo: kuuza rejareja, kutafuta mawakala au kutambulisha bidhaa mpya. Lengo ndilo huamua ukubwa wa banda, bajeti na idadi ya wahudumu. Muuza asali, kwa mfano, huweka vijiko vya kuonjea mbele na katoni nyuma. Wahudumu hupokezana zamu na kuandika namba za wateja daftarini. Mafanikio hupimwa baadaye, kwa oda zilizolipiwa.