Kutoka Chicago hadi Kariokor: Historia Iliyo Ndani ya Bastola ya Zamani

Kuna swali ambalo wapenda shabaha wa Marekani hawachoki nalo: ukinunua bastola yako ya kwanza ya mtindo wa zamani, ya chuma kitupu na mpini wa mbao, uchukue ipi? Wengi watakujibu hata kabla hujamaliza kuuliza: 1911. Wengine watasema Browning Hi-Power. Wachache wenye ladha zao watakutajia Luger ya Mjerumani, au CZ 75 iliyotoka Chekoslovakia.

Mimi swali hili lilinifikia kikazi. Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo naandika chochote kinacholipa: maelezo ya magodoro, barua za kuomba kazi, miongozo ya kila aina kwa watu wa ng'ambo ambao sitawahi kuwaona. Mteja mmoja alitaka mwongozo wa kuchagua bastola ya shabaha. Bastola sijawahi kushika, nimeziona tu kiunoni mwa polisi. Lakini kusoma naweza, na kazi hiyo niliisomea kuliko pesa yake. Mwongozo ulitaka uzito, bei na rangi. Historia haikuwa na nafasi pale, kwa hivyo nimeileta hapa.

Tuanze na 1911. Jina lake ni mwaka tu: jeshi la Marekani liliipitisha rasmi tarehe 29 Machi 1911. Aliyeibuni ni John Moses Browning, mtoto wa fundi bunduki, aliyezaliwa Ogden, Utah, mwaka wa 1855. Kabla ya kuikubali, jeshi liliijaribu kwa fujo. Bastola moja ilifyatua risasi 6,000 kwa muda wa siku mbili, na ilipopata moto sana ilitumbukizwa kwenye maji ipoe, halafu kazi ikaendelea. Haikukwama hata mara moja. Mpinzani wake, Savage, alikwama mara 37.

Ufundi wenyewe ni wa kuvutia, siwezi kukataa. Mtutu umefungamana na slaidi, ule mfuniko wa chuma ulio juu ya bastola. Risasi ikilipuka, vyote viwili hurudi nyuma pamoja kwa milimita chache. Kisha mtutu huinama nyuma kidogo na kuachana na slaidi. Slaidi inaendelea na safari peke yake, inalitupa nje ganda tupu, inakandamiza springi, na springi inairudisha mbele ikiwa imebeba risasi mpya kutoka magazini. Nguvu yote hiyo inatoka kwa lile teke la risasi iliyotangulia. Wewe kazi yako ni kuvuta triga tena. Bastola nyingi zinazotengenezwa leo, hata hizo za plastiki, bado zinatumia wazo hili la mtutu unaoinama. Zaidi ya miaka 100, na bado.

Lakini kwani kwa nini risasi ya 1911 ni nene hivyo? Kipenyo chake ni .45, yaani karibu milimita 11 na nusu. Hiyo namba ina asili yake, na asili yake ni ukoloni.

Mwaka wa 1898 Marekani ilichukua Ufilipino kutoka kwa Uhispania, na mwaka uliofuata ikajikuta vitani na Wafilipino wenyewe, ambao hawakuwa wameomba kubadilishiwa bwana. Visiwa vya kusini, Wamoro, ambao ni Waislamu, waliendelea kupigana kwa miaka mingi. Maafisa wa Marekani walikuwa na rivolva za .38, na wakaanza kulalamika: mtu anapigwa risasi na bado anakuja na panga lake. Kumbe tatizo lililoandikwa kwenye ripoti halikuwa kwamba wako kwenye nchi ya watu. Tatizo lilikuwa kwamba risasi ni ndogo.

Mwaka wa 1904 jeshi likawapa kazi watu wawili, John Thompson na daktari Louis LaGarde. Walienda kwenye machinjio ya Chicago wakapiga risasi ng'ombe walio hai, wa kila saizi ya risasi, wakihesabu anachukua muda gani kuanguka. Maiti za watu nazo zilitumika, kuona mifupa inavunjika vipi. Hitimisho lao: bastola ya jeshi isipungue .45. Browning alipokaa kuchora, jibu la swali hilo lilikuwa tayari mezani. Ndiyo maana leo, mtu akisimama kwenye uwanja wa shabaha kule Texas na 1911 mkononi, anafyatua risasi iliyopimwa kwa kufikiria mwili wa Mmoro.

Browning hakuishia hapo. Alikuwa pia anafanya kazi na kiwanda cha FN, kule Herstal karibu na Liège, Ubelgiji. Hao walimuuzia Ulaya bastola ndogo, nyepesi, za kuingia mfukoni. Mojawapo ni Model 1910. Tarehe 28 Juni 1914, kijana wa miaka 19 aitwaye Gavrilo Princip aliitoa mjini Sarajevo akamuua mrithi wa ufalme wa Austria na Hungaria pamoja na mke wake.

Bastola moja haianzishi vita vya dunia. Mafuta yalikuwa yamemwagwa zamani, yeye alileta kiberiti. Lakini hebu ufuate moto huo. Kabla mwaka haujaisha Waingereza wa Kenya na Wajerumani wa Tanganyika walikuwa wanapigana, na kwa kuwa gari na punda hazingefika kote, mizigo ya vita ilibebwa kwa vichwa na migongo ya Waafrika. Waingereza waliwachukua mamia ya maelfu ya wapagazi, wengi kwa nguvu. Makumi ya maelfu hawakurudi: waliuawa zaidi na njaa, malaria na kuhara kuliko risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Sisi tukakitamka tulivyoweza, na leo tunashuka hapo kununua viondo na kula nyama choma: Kariokor.

Browning alifariki mwaka wa 1926 akiwa kazini, hapo hapo kwenye kiwanda cha Herstal. Bastola aliyokuwa ameianza ilimaliziwa na Mbelgiji Dieudonné Saive, ikatoka mwaka wa 1935 ikiitwa Hi-Power. Inatumia risasi ya milimita 9, na magazini yake inabeba 13, wakati 1911 inabeba saba. Wajerumani walipoiteka Ubelgiji mwaka wa 1940, waliendelea kuitengeneza kiwandani kwa jeshi lao. Washirika nao wakaitengeneza Toronto, Kanada. Kwa hivyo vita vilevile, bastola ileile, pande zote mbili. Baadaye ikasambaa kwenye majeshi ya nchi zaidi ya 50.

Sasa, neno "kuchagua". Mmarekani anasema anachagua bastola yake ya kwanza kama vile sisi tunavyochagua simu. Hapa kwetu neno hilo lina uzito mwingine. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952, serikali ya kikoloni ilifanya kupatikana na silaha au risasi kuwa kosa la kunyongwa. Si lazima uwe umempiga mtu. Kuwa nayo tu. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa makosa ya Mau Mau, na wengi wao hawakushtakiwa kwa kuua. Dedan Kimathi mwenyewe, aliyekamatwa Oktoba 1956, alishtakiwa mbele ya mahakama Nyeri kwa kupatikana na rivolva ya .38 aina ya Webley Scott, na risasi zake. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa bila alama. Mzungu wa shamba la jirani, miaka hiyohiyo, alikuwa anakula chakula cha jioni bastola ikiwa mezani kando ya sahani.

Sisemi kwamba anayependa shabaha leo ana damu mikononi. Kulenga karatasi ni mchezo kama michezo mingine: pumzi, subira, kidole kisicho na haraka. Hata hapa Kenya wapo wanaoucheza, wakiwa na cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Na kama kuna anayetaka jibu la kawaida, ni hili: anayejifunza aanze na bastola ya .22, risasi yake ni bei nafuu na haina teke la kumtisha. Akitaka ya zamani hasa, achukue nzito ya chuma ya milimita 9, kama Hi-Power au CZ 75, maana uzito wa chuma hupunguza teke na mkono hutulia.

Ila wanaoipenda 1911 watakwambia uzuri wake ni ile .45, nguvu yake ya kumsimamisha mtu. Hapo ndipo mimi huwauliza: mtu gani? Karatasi ya shabaha haiji na panga. Haiko kwenye nchi yake ikiilinda. Haihitaji kusimamishwa, imesimama tayari. Ukitaka risasi nene kwa ajili ya karatasi, unaendeleza hofu ya afisa fulani wa zamani, kisiwani, aliyeshangaa kwa nini mwenye nchi haanguki.