Fuwele za Uluguru na Watu wa Boltzmanngasse

Barabara ya Kisaki huachana na mji wa Morogoro pale Bigwa, ikaukumbatia mlima upande wa mashariki na kushika njia ya Kiroka, Mkuyuni na Matombo. Wakazi wa Bigwa wanaijua Uluguru kwa maji yake, kwa ndizi zinazoteremshwa vichwani alfajiri, na kwa mvua isiyoaga. Kwenye vitabu vya fizikia na kemia vya mwanzoni mwa karne ya 20 jina la Morogoro limeingia kwa njia nyingine kabisa, na sidhani kama historia ya mji huu imewahi kuipa njia hiyo nafasi inayostahili.

Wajerumani walichimba ulanga milimani humu. Ulanga ulikuwa na soko: unastahimili moto, haupitishi umeme, na unabanduka kwa matabaka membamba yanayopitisha mwanga. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Kabla ya hapo mzigo wowote wa kwenda pwani ulitembea kwa miguu ya wapagazi. Humo katika miamba ya ulanga wachimbaji walikutana na mawe meusi, mazito kupita ukubwa wake, yaliyovaa ganda la manjano. Hayo hayakuwa na bei ya ulanga, lakini baadhi yalisafirishwa hadi Berlin.

Mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald aliyachambua. Jiwe jeusi lilikuwa madini ya urani. Ganda la manjano lilitokana na lile jeusi kubadilika taratibu kwa hewa na maji, na halikuwa limewahi kuelezwa na mtu yeyote. Marckwald akaliita rutherfordini, kwa heshima ya Ernest Rutherford, ambaye wakati huo alifundisha Montreal, Kanada, na bado hakuwa na Nobeli (aliipata 1908). Hivyo madini yanayobeba jina la bingwa huyo wa mionzi yalitoka Uluguru.

Kilichofuata kilihusu risasi, metali ile ile ya kutengenezea mabomba. Urani hutoa mionzi na kugeuka hatua kwa hatua kuwa elementi nyingine, na kituo chake cha mwisho ni risasi. Mwaka 1913 Frederick Soddy wa Uingereza na Kasimir Fajans wa Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walidai jambo lililowaudhi wakemia wa zamani: kwamba risasi iliyozaliwa na urani ingekuwa nyepesi kuliko risasi ya kawaida, ingawa kwa kemia huwezi kuzitofautisha. Risasi ya kawaida ina uzito wa atomi wa 207.2. Ile ya urani ilitazamiwa kuwa karibu na 206. Kama ni kweli, elementi moja ina sura zaidi ya moja, na Soddy akaziita sura hizo isotopu. Lilibaki suala la kupima.

Mahali pa kupimia palikuwapo. Taasisi ya Utafiti wa Radiamu ilifunguliwa Vienna mwezi Oktoba 1910, mtaa wa Boltzmanngasse, kwa fedha alizotoa wakili Karl Kupelwieser kwa Akademia ya Sayansi ya Austria. Ilijengwa kwa sababu Austria ilikuwa na mgodi wa Joachimsthal huko Bohemia, chanzo cha mawe ambayo akina Curie waliyachuja kupata radiamu. Mwendeshaji wa shughuli za kila siku alikuwa Stefan Meyer, na kwa kila ninachosoma juu yake, alikuwa mtu wa kukaribisha. Victor Hess, msaidizi wake, alipanda puto mwezi Agosti 1912 hadi zaidi ya mita 5,000 akagundua kwamba mionzi huongezeka kadiri mtu anavyopaa. Mwaka uliofuata George de Hevesy wa Hungaria na Fritz Paneth walitumia risasi yenye mionzi kufuatilia mwendo wa risasi ya kawaida, mbinu ambayo leo hospitali zinaishi nayo. Wote hao walipishana kwenye ngazi moja.

Katika jumba hilo aliingia Stefanie Horovitz, mzaliwa wa Warsaw mwaka 1887, aliyepata udaktari wake Vienna mwaka 1914. Alifanya kazi na Otto Hönigschmid, profesa wa Prague aliyejifunza upimaji wa uzito wa atomi kwa Theodore Richards huko Harvard. Kazi yenyewe ni ya kuchosha kuliko inavyosikika. Unaitoa risasi katika jiwe, unaisafisha tena na tena, unaigeuza kuwa kloridi, unaiyeyusha, kisha unapima ni kiasi gani hasa cha fedha kinachohitajika ili klorini yote ishuke. Vumbi kidogo tu likiingia, miezi inapotea.

Risasi ya Joachimsthal iliwapa takriban 206.7. Ni nyepesi, ndiyo, lakini haijafika. Jiwe la Bohemia lilikuwa limechanganyika na risasi ya kawaida iliyokuwamo ardhini tangu mwanzo, na mbishi angeweza kusema tofauti hiyo ni uchafu. Mgodi ambao taasisi nzima ilijengwa kwa ajili yake haukuweza kumaliza ubishi. Ndipo zikaletwa fuwele za Morogoro. Hizi ziliumbika safi ndani ya mwamba wa ulanga, zikiwa na urani nyingi na thoriamu kidogo sana, na risasi yake karibu yote ilizaliwa humo humo. Jibu lilikuwa takriban 206.05. Madini ya Moss, Norway, yakatoa karibu hivyo hivyo. Richards naye huko Harvard, pamoja na Maurice Curie huko Paris, walikuta risasi za mionzi zenye uzito tofauti, lakini kwa maoni yangu hakuna tarakimu iliyosema waziwazi kama ile ya Uluguru. Soddy alipewa Nobeli ya kemia ya 1921. Horovitz hakupewa kitu.

Matokeo hayo yalichapishwa Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeshaanza, na hapo maisha ya jumba lile yanapendeza kuyatazama. Robert Lawson, Mwingereza aliyekwenda Vienna mwaka 1913, alinaswa huko kama raia wa nchi adui. Meyer akamwachia meza yake. Lawson aliendelea kupima, akashirikiana na Hess kuhesabu mionzi ya radiamu, na pamoja na Arthur Holmes akaandika juu ya risasi na umri wa miamba, mjadala ambao ulikuja kuipa miamba ya Uluguru umri wa zaidi ya miaka milioni 600. Vita vilipokwisha alirudi kwao na kukitafsiri kwa Kiingereza kitabu cha Einstein kuhusu uhusianifu.

Mwingereza na Waaustria walikuwa wakigawana vyombo Vienna wakati majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipoingia Morogoro, tarehe 26 Agosti 1916. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikwisha kuondoka, akizunguka mlima kuelekea Kisaki, na wapiganaji wa pande zote mbili wakasukumana kwenye njia hizi za Bigwa na Matombo. Mizigo yao ilibebwa na Waafrika, na katika vita vile wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu. Majina ya waliokufa hayakuorodheshwa kama yale ya watumishi wa Boltzmanngasse.

Nyumba ya Meyer iliendelea kuwa na sifa yake. Katika miaka ya kati ya vita viwili, zaidi ya theluthi moja ya watafiti wake walikuwa wanawake, wengi bila mshahara. Rutherford, aliyeazimwa radiamu ya Vienna mwaka 1908, alikataa kuichukua kama mali ya adui na badala yake akainunua, na fedha hizo ziliisaidia taasisi wakati Austria ilipofilisika. Marietta Blau na Hertha Wambacher walinasa mwaka 1937, kwenye bamba za picha zilizowekwa mlimani Hafelekar, atomi zikipasuliwa na mionzi ya angani.

Kisha ikaja 1938, mwaka ambao Ujerumani ya Hitler iliitwaa Austria. Meyer, mwenye asili ya Kiyahudi, aliondolewa, akajificha kimya Bad Ischl hadi 1945. Blau alikimbilia Oslo na baadaye Mexico. Wambacher alikuwa mwanachama wa chama cha Hitler. Horovitz alikuwa ameiacha kemia zamani, akaendesha makao ya watoto wenye matatizo ya akili, akarudi Warsaw mwaka 1937. Alikufa Treblinka mwaka 1942. Baada ya vita uongozi wa taasisi ulishikwa na Berta Karlik, ambaye mwaka 1956 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa profesa kamili wa Chuo Kikuu cha Vienna.

Rutherfordini za kupendeza wanazogombania wakusanyaji leo nyingi zinatoka Katanga, migodi ya Shinkolobwe na Musonoi. Ila katika orodha za kimataifa za madini, mahali pa asili, yaani pale lilipoelezwa kwa mara ya kwanza, bado pameandikwa Morogoro, Uluguru. Kampasi ya Solomon Mahlangu pale Mazimbu, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) hufundisha walimu wa sayansi, iko upande wa pili wa mji huo huo, na mwalimu wa isotopu anayetoka pale hahitaji kuvuka bahari kutafuta mfano.