Kipindupindu katika Meli za Mahujaji

Waliotutangulia walipokwenda Hijja kwa meli, dhoruba haikuwa hofu yao peke yake. Mwaka 1865 kipindupindu kilizuka Makka na kuua mahujaji wapatao 15,000. Meli zilizowarudisha walionusurika zikakifikisha Suez, na kutoka Misri kikavuka hadi Ulaya. Ndipo karantini zikakazwa: Tor huko Sinai na, kuanzia 1882, kisiwa cha Kamaran karibu na Yemen.

Lakini kabla ya kufika karantini, nani aliwauguza wagonjwa baharini? Mara nyingi ni wenzao tu: mke, ndugu, au jirani wa mkeka pale sitahani. Walisafisha matapishi, wakafua nguo, na wengine wakaambukizwa papo hapo. Kipindupindu huua kwa kumkausha mtu maji mwilini, na melini maji matamu yalitolewa kwa kipimo. Ajabu ni kwamba baadhi ya madaktari wa zama zile walimnyima mgonjwa maji kabisa! Aliyemnywesha mwenzake kidogo kidogo, bila kusomea udaktari, alikuwa karibu zaidi na tiba.

Tiba yenyewe ilithibitishwa Dhaka mwaka 1968: maji, sukari na chumvi vya kunywa. Nyumbani, wakati mgonjwa anapelekwa hospitali, ni lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta.