Skleroderma

Skleroderma (Kigiriki: skleros, "ngumu", derma, "ngozi") ni ugonjwa sugu usioambukiza. Kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, kolajeni huzalishwa kupita kiasi, na ngozi hukakamaa. Aina moja huishia kwenye ngozi; nyingine huacha makovu pia katika umio, mapafu, moyo na figo. Huwapata zaidi wanawake, mara nyingi kati ya miaka 30 na 50.

Dalili

Kwa wengi huanza na hali ya Raynaud, iliyoelezwa na tabibu Mfaransa Maurice Raynaud mwaka 1862: mgonjwa akishika chupa ya maji baridi, vidole hupauka, hugeuka bluu na kufa ganzi, kisha huwaka damu inaporudi. Baadaye vidole huvimba, pete ikagoma kuvuka kiungo, na ngozi ikang'aa bila kukunjika. Kwenye ngozi nyeusi huweza kutokea mabaka meupe yenye vitone vya rangi ya asili penye vinyweleo, yakadhaniwa mbalanga.

Kuishi na ugonjwa

Hakuna tiba ya kuuponya, lakini unadhibitika. Mwili mzima uhifadhiwe joto, si mikono tu, kwani kifua kikipoa damu ya vidoleni hupungua. Vyombo vioshwe kwa maji vuguvugu, ngozi ipakwe mafuta, vidole vinyoshwe kila siku, na sigara iachwe. Anayesumbuliwa na kiungulia hula kidogo kidogo na kuinua kitanda kwa matofali upande wa kichwa. Daktari huweza kuandika nifedipini ya kufungua mishipa ya damu, omeprazoli ya kupunguza asidi, au mikofenoleti ya kutuliza kinga, na huagiza vipimo vya mapafu na moyo mara kwa mara.

Hatari ya ghafla ni ya figo: presha hupanda, kichwa huuma, macho huona ukungu. Hapo ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kundi la kaptopril, zikianzwa mapema, huokoa maisha. Dawa ya prednisoloni kwa kiwango kikubwa huongeza hatari hiyo. Kwa kuwa presha huweza kupanda ghafla, mashine ya kuipimia ni kifaa muhimu nyumbani.

Katika historia

Mchoraji Paul Klee, aliyefariki Uswisi tarehe 29 Juni 1940, anaaminika aliugua skleroderma. Mwaka 1939, akiwa tayari mgonjwa, alitoa kazi zaidi ya 1,200. Tarehe ya kifo chake ndiyo Siku ya Skleroderma Duniani.