Tunda Lisiloliwa

Kandokando ya mito ya Kitui na Makueni huota mwegea, ambao Wakamba huuita muatini. Matunda yake ni marefu, mazito, yaning'inia kama michi. Tunda bichi lina sumu. Hata hivyo, pasipo hilo wazee wa kale hawakupata pombe yao ya asali. Walilipasua, wakalikausha, wakalitia katika maji ya asali karibu na moto. Wazungu hutia matunda katika jini ili kupata ladha. Mkamba alitafuta hamira iliyoshika katika nyuzi za tunda. Pombe ikiiva, tunda liliopolewa, likaanikwa, likangojea asali nyingine.

Kinywaji hicho kilikuwa cha wazee, katika mahari na mashauri. Kijana hakuthubutu kukigusa.

Baadaye ikaja chang'aa, itokanayo na mvuke wa pombe. Serikali iliipiga marufuku, kisha sheria ya mwaka 2010 ikairuhusu kwa leseni. Lakini Mei 2014 pombe kali iliyotiwa methanoli iliua watu wengi nchini Kenya, na Kitui na Makueni zikaomboleza pia. Methanoli haina rangi, na mnywaji haitambui kwa ulimi.