Ganda la Muwati na Buti ya Mtumba

Wasee, ukipata buti ya kahawia ya mtumba pale soko la Keroka, ikunje kwanza karibu na vidole. Rangi ikififia halafu irudi, hiyo ngozi imeshiba mafuta. Ukikunja mafuta yanasukumwa kando, ukiachilia yanarudi. Ikikwaruzika sugua tu na kidole, na tafadhali usikimbilie polishi nyeusi! Kiwanda cha Horween cha Chicago, kilichoanza 1905, kinajulikana sana kwa ngozi hiyo: inashindiliwa mafuta na nta kwa joto.

Lakini kinachoniuma ni muwati. Ndiyo, huo huo tunaochoma makaa. Uliletwa Kenya kutoka nje mwanzoni mwa karne ya 20, asili yake Australia, na wakulima wa huku juu wakaupanda wabambue ganda. Ganda lina tanini, ile inafanya ngozi mbichi isioze. Eldoret kulikuwa na kampuni nzima ya kuikamua, East African Tanning Extract, na mzigo ukaenda ng'ambo. Sisi buti tunazipata zikiwa zimeshavaliwa.

Yangu ilikuja na mikunjo ya mguu wa mtu nisiyemjua. Mwaka wa pili huu kwa matope ya Keroka, na sasa mikunjo yangu inaanza kuonekana juu ya yake.