Kukubali si "kubali yaishe"

Mwaka ule sonona iliponikamata, kazini nilikuwa sawa tu. Naandika habari, natuma, narudi chumbani, nalala na nguo nilizoshinda nazo. Mhariri wangu akaniambia, "Jikaze, kaka." Mama naye akaniambia kuna wenye shida kuliko zangu. Nikajikaza mpaka nikachoka kujikaza. Siku mnasihi aliponiambia nijaribu kuikubali ile huzuni, nilikasirika. Nilisikia kauli yetu ya mtaani: kubali yaishe. Yaani nimeshindwa?

Mwandishi wa habari akikasirika huenda kuchimba. Nami nikachimba.

Kumbe wazo hili halikuzaliwa jana. Japani, karibu mwaka 1919, daktari Shoma Morita alianza kuwatibu watu waliosumbuliwa na hofu na wasiwasi. Yeye mwenyewe alipitia hayo ujanani. Wagonjwa wake walianza kwa kupumzika kitandani, wakiacha hisia zije na ziondoke, kisha wakapewa kazi nyepesi, kisha nzito, hadi wakarudi kwenye maisha yao. Hawakusubiri wasiwasi uishe ndipo washike jembe.

Marekani walipita njia nyingine. Miaka ya 1960, Aaron Beck wa Philadelphia aliwafundisha wenye sonona kuyahoji mawazo yao. Ukijiambia "mimi si kitu", unaulizwa: ushahidi uko wapi? Tiba hiyo imesaidia wengi na inaendelea kusaidia.

Halafu akaja Steven Hayes. Mwaka 1978 alikuwa mhadhiri kijana wa saikolojia huko North Carolina. Katika kikao cha idara, maprofesa wakibishana, alitaka kusema neno. Akafungua kinywa, sauti haikutoka. Hofu ilikuwa imembana. Kwa miaka kadhaa akaikimbia hofu hiyo, nayo ikazidi kukua. Usiku mmoja, ameketi kwenye zulia, akaamua kuacha kujikimbia. Kutoka hapo, yeye na wenzake walijenga kile ninachokiita kwa Kiswahili Tiba ya Kukubali na Kuazimia. Kitabu chao kikuu kilitoka mwaka 1999.

Kilichonigusa zaidi ni utafiti mdogo wa mwaka 1986. Robert Zettle na Hayes walilinganisha njia yao ya mwanzo na ya Beck, kwa wanawake 18 wenye sonona. Waliopitia njia mpya, mawazo mabaya hayakuacha kuwajia. Ila imani yao katika mawazo hayo ilipungua. Watu 18 ni wachache, hawathibitishi mengi. Lakini mimi niliisoma sentensi hiyo mara tatu. Miezi yote ile nilikuwa nasubiri mawazo yanyamaze ndipo niishi.

Bado swali langu la "kubali yaishe" halikuwa limejibiwa. Jibu nililipata karibu na nyumbani, kaskazini mwa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp. Hapo Shirika la Afya Duniani lilijaribu mafunzo yaliyotokana na tiba hii kwa wanawake wakimbizi kutoka Sudan Kusini. Vikao vitano, sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, na kitabu cha picha. Wanawake 694 walishiriki katika utafiti, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Waliopata mafunzo walipungukiwa na msongo kuliko wenzao. Haukuwa muujiza, miezi mitatu baadaye nafuu ilikuwepo, ingawa ndogo.

Sasa jiulize, mwanamke aliyekimbia vita unamwambia akubali nini? Vita? Hasha. Kuporwa shamba? Hapana. Anachoambiwa ni kwamba huzuni ikija, asitumie nguvu zake zote kupigana nayo. Aipe nafasi, kisha afanye lile lenye maana kwake: kumhudumia mtoto, kumtembelea jirani.

Hapo nikaelewa. "Kubali yaishe" ni kumaliza ugomvi kwa kujitoa. Kukubali huku ni kubaki ndani ya maisha hata kama ugomvi haujaisha.

Sikupona siku hiyo. Nilirudi kwa mnasihi, nikaendelea na dawa alizoniandikia daktari. Jumamosi iliyofuata niliamka na uzito uleule, nikavaa viatu, nikaenda kumwona mama. Aliniuliza, "Umepona, mwanangu?" Nikamwambia, "Bado, mama. Ila nimekuja."